Nimelipia raundi 15, napewa 12: uzoefu wangu na gemu la mabondia wa enzi zote

Gemu lenyewe si baya, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Lingekuwa takataka ningelifuta nikaendelea na mambo yangu. Ni gemu la ngumi la kwenye simu. Ukilipia kifurushi cha mabingwa wa enzi zote, unaweza kumchukua Rocky Marciano wa 1952 ukamuingiza ulingoni na Mike Tyson wa 1988. Bei, ukubwa wa faili na aina ya simu inayotakiwa utaviona mwenyewe pale pa kupakulia. Mimi nina neno moja tu: raundi.

Kwenye mipangilio kuna mstari wa idadi ya raundi: 3, 6, 8, 10, 12, 15. Unachagua 15, unahifadhi, unachagua mabondia, unabonyeza anza. Ubao wa juu unaandika "Raundi ya 1 kati ya 15". Vizuri kabisa. Kisha kengele ya kumaliza raundi ya 12 inalia, mwamuzi anawaita katikati, kadi za pointi za majaji zinasomwa na mtu anainuliwa mkono. Kila mara. Nimehangaika nalo wiki kadhaa, kwenye simu mbili, kabla na baada ya toleo jipya, kwenye pambano la kirafiki na la mkanda. Ukitaka kuona tatizo lilipo, fungua kadi ya jaji mwisho wa pambano: imechorwa mistari 12. Hakuna mahali pa kuandika raundi ya 13. Yaani waliongeza namba 15 kwenye menyu ili watu walipie, huku kadi wakiiacha kama ilivyokuwa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaambatanisha picha za skrini. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: "Mpendwa mteja, ngumi za ubingwa ni raundi 12. Tunakushauri ujifunze sheria za mchezo kwanza." Basi. Hawakuuliza toleo la simu wala hawakusema watalitazama.

Nijifunze sheria! WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, walishusha raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12 baada ya pambano la Ray Mancini na Duk Koo Kim, Novemba 13, 1982, Las Vegas. Kim alishindwa raundi ya 14 mwamuzi aliposimamisha pambano, na akafariki siku chache baadaye. Mashirika mengine, WBA na IBF, walifuata miaka ya mwisho ya themanini. Ni uamuzi wa haki na sibishani nao hata kidogo, kwa watu wenye damu. Lakini kifurushi mnachouza kinaitwa cha enzi zote, na enzi hizo bingwa alifanya mazoezi ya kupigana dakika 45. Raundi 12 ni dakika 36. Hizo dakika 9 ndizo ngumi kubwa za karne iliyopita zilipoamuliwa.

Wanaotaka ushahidi, huu hapa. Juni 18, 1941, Joe Louis na Billy Conn, New York. Baada ya raundi 12 Conn yuko mbele kwenye kadi mbili, ya tatu sare. Raundi ya 13 akaacha kucheza kwa miguu, akataka kummaliza Louis, akaangushwa na kushindwa zikiwa zimebaki sekunde 2 tu raundi iishe. Septemba 16, 1981, Sugar Ray Leonard jicho la kushoto limevimba, Thomas Hearns anaongoza kwa majaji wote watatu, raundi ya 14 mwamuzi akasimamisha pambano Hearns akiwa kambani, Leonard akashinda. Weka mapambano hayo kwenye gemu hili: Conn ni bingwa wa dunia wa uzito wa juu na Hearns kamshinda Leonard kwa pointi. Historia yote imepinduliwa na kadi yenye mistari 12.

Na Marciano ndiye anayeumizwa kuliko wote. Septemba 23, 1952, Philadelphia, Jersey Joe Walcott alimuangusha raundi ya kwanza na baada ya raundi 12 alikuwa mbele kwenye kadi zote tatu. Raundi ya 13 Walcott karudi kwenye kamba, wote wawili wakarusha mkono wa kulia kwa wakati mmoja. Wa Marciano ulikuwa mfupi mno, haukusafiri hata urefu wa mkono wake. Ukafika kwanza. Walcott akashuka taratibu, mkono wa kushoto umenasa kwenye kamba, goti chini, kichwa kimelala. Huyo ndiye Marciano: mtu ambaye bei yake inapanda kadiri saa inavyokwenda. Ukimkata kwenye 12 humchezeshi Marciano, unamchezesha mtu mfupi wa kilo 84 anayekula ngumi.

Sasa Tyson na Marciano, pambano ambalo kila mtu hulinunulia kifurushi. Siwezi kudanganya, mimi nampa Tyson. Alimpiga Michael Spinks kwa sekunde 91 akiwa na kilo 99. Hiyo ni tofauti ya kilo 15, na leo Marciano angepimwa kama mtu wa kruza, uzito ulio chini ya uzito wa juu. Mikono ya Marciano ni mifupi pia, ikinyooshwa pande zote ni kama sentimita 173 kwa 180 za Tyson. Raundi nne za mwanzo ni hatari tupu. Lakini Tyson aliyepelekwa raundi 12 na James "Bonecrusher" Smith na Tony Tucker mwaka 1987 hakuwa yule wa sekunde 91. Mchanganyiko wake wa ngumi hupungua na kichwa kinaacha kucheza. Swali zima ni je, Marciano akifika raundi ya 11 akiwa amesimama, nini kinafuata? Mara tatu gemu limenifikisha hapo. Tyson mdomo wazi, upau wa pumzi umeshuka kwenye nyekundu, Marciano bado anaingia chini chini akipiga mikono na mabega ya mwenzake. Kengele. Kadi. Tyson kwa pointi.

Nilitaka kutoa nyota moja niishie hapo. Lakini haki lazima isemwe: injini ya pumzi ni kazi ya watu wanaojua ngumi. Mchukue Muhammad Ali wa Kinshasa, Oktoba 30, 1974, umuweke na George Foreman. Usicheze kwa miguu. Egemea kamba, funga viwiko, acha apige mikono, jibu kwa kulia ya moja kwa moja kila anapomaliza mchanganyiko. Foreman aliingia pale akiwa ameshinda 40 bila kupoteza hata moja, na mapambano yake matatu ya ubingwa yalikuwa hayajavuka raundi ya 2. Gemu linajua hilo. Kuanzia raundi ya 5 nguvu ya ngumi zake inashuka, na ya 7 anaanza kusukuma badala ya kupiga. Na jebu ya Larry Holmes, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, jamani! Inatoka kiunoni, inarudi kabla hujafunga. Hakuna gemu jingine la simu nililoona likifanya hivyo. Nikaweka nyota tatu.

Kisha nikasoma tena lile jibu. Watu walioijenga jebu ya Holmes kwa uangalifu ule wanajua fika kwamba Holmes alichukua mkanda wa WBC kwa Ken Norton mwaka 1978 kwa raundi ya 15, kadi zikiwa zimelingana kufikia hapo. Wanajua, halafu wanamwambia mteja akajifunze sheria. Nyota moja.

Kwa mliokwisha kulipa, njia ya kuzunguka iko hivi. Cheza raundi 12, piga picha ya skrini ya pumzi na majeraha kabla kadi hazijasomwa. Anzisha pambano la raundi 3 la mabondia walewale, ingia kwenye "hali ya bondia", shusha pumzi ya kila mmoja ilingane na picha, na uvimbe wa jicho uweke kwa mkono. Pointi jumlisha mwenyewe kwenye karatasi. Inafanya kazi isipokuwa kwa kitu kimoja: mipasuko haihamishiki. Mtu aliyechanika juu ya jicho raundi ya 9 anaingia ya 13 akiwa msafi kabisa, na kwa Marciano, ambaye Ezzard Charles alimpasua pua vibaya mwaka 1954 hadi pambano likakaribia kusimamishwa, hiyo inabadilisha kila kitu.