Icon of the Seas, Disney Wish na MSC World Europa: ipi inamfaa mwenye watoto?

Bei ya tangazo ya meli ya kitalii ni ya watu wazima wawili wanaolala chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mwenye watoto wawili hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwake yeye meli hupimwa sehemu mbili: mezani kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku, na mlangoni pa klabu ya watoto. Taa, ngazi za vioo na idadi ya sitaha ni mapambo. Ikifika siku ya tatu hakuna anayeyatazama.

Meli tatu tunazolinganisha hapa ni mpya, na zote zinajinadi kuwa za familia. Icon of the Seas ya Royal Caribbean ilianza kazi Januari 2024 ikitokea Miami, kwa safari za usiku 7 katika Karibea. Ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Disney Wish ilianza Julai 2022. Inatoka Port Canaveral, Florida, kwenda Bahamas kwa usiku 3 au 4, na ikijaa ina abiria wapatao 4,000. MSC World Europa ilizinduliwa Doha mwishoni mwa 2022, ikawa hoteli ya mashabiki wakati wa Kombe la Dunia, na tangu kiangazi cha 2023 imejulikana zaidi kwa mzunguko wa usiku 7 katika Mediterania ya magharibi: Genoa, Naples, Messina, Valletta, Barcelona na Marseille.

Tuanze na chakula cha jioni, maana hapo ndipo meli hizi zinapoachana.

Disney hawakuachi uchague. Kila usiku familia inapangiwa mgahawa mmoja kati ya mitatu, yaani Arendelle, Worlds of Marvel na 1923, na wahudumu wanahama pamoja nanyi. Faida yake inaonekana usiku wa pili: mhudumu ameshajua kwamba mdogo hataki mchuzi uguse viazi, na maziwa yake yako mezani kabla hajaketi. Kuna zamu mbili, saa 11:45 jioni na saa 2:15 usiku. Zamu ya pili inavutia watu wazima, lakini mtoto wa miaka minne atakuwa anasinzia kabla ya supu. Ukipewa hiyo, omba utaratibu wa Dine and Play: watoto wanaletewa chakula kwanza, na baada ya kama dakika 45 walezi wa klabu wanawafuata hapo mgahawani, wazazi wanabaki wakila kwa utulivu. Usiupange usiku wa Arendelle, kwa kuwa waimbaji wanatumbuiza katikati ya mlo na hakuna mtoto atakayekubali kunyanyuka.

Kasoro ya mpangilio huo ni ugumu wake. Bafe ya Marceline Market ni ya asubuhi na mchana, na vibanda vya kando ya mabwawa havikeshi. Ukikosa zamu yako, kinachobaki ni kuagiza chumbani, jambo ambalo Disney, tofauti na wenzao, hawalitozi. Soda pia ziko ndani ya bei, mezani na kwenye mashine za sitahani. Kwa watoto wanaokunywa soda kila wakionja jua, hilo si dogo.

Icon ni kinyume chake: vya bure ni vingi mno, tatizo ni kuvijua. Mgahawa mkuu una sitaha tatu na unakupa njia mbili, saa maalumu kila usiku au kujipangia mwenyewe kwenye programu ya simu. Wanaojipangia wasisubiri hadi wapande melini, kwani nafasi za saa 12 na saa 12:30 jioni ndizo zinazowahi kwisha. Bafe ya Windjammer ina msongamano mkubwa nyakati mbili, mchana wa siku ya kupanda na asubuhi za siku ambazo meli haitii nanga, kuanzia kama saa 2:30 hadi saa 4. Nyakati hizo nenda AquaDome Market, El Loco Fresh au Park Cafe, ambako mkate wa nyama ya ng'ombe iliyobanikwa unashinda chochote cha bafe. Pizza za Sorrento's nazo ni za bure.

Mahali pa kuangalia kwa karibu ni Surfside, mtaa wa watoto wadogo ulio nyuma ya meli. Ndani ya hatua chache kuna madimbwi ya kuchezea maji, farasi wa kuzunguka, na Surfside Eatery, bafe iliyopangwa kwa kimo cha mtoto. Huyo mtoto akila, mzazi anamwona akitoka kwenye kiti hadi majini bila kupanda lifti. Lakini hapo hapo lipo duka la peremende, Sugar Beach, na upo mgahawa wa Pier 7, vyote vya kulipia. Wabunifu walijua walichokuwa wanafanya. Surfside Eatery ni bure, Pier 7 si bure, na kwa mgeni hazionekani kutofautiana.

MSC ndiyo ya bei nafuu, na chakula kinaonyesha ni meli ya Kiitaliano: tambi na pizza nzuri, kifungua kinywa cha kawaida tu. Kuna mambo mawili yanayowashtua wageni. La kwanza, maji ya mezani katika mgahawa mkuu kwenye safari za Ulaya huja kwa chupa na hulipiwa. Ya bure yako kwenye mashine za bafe, kwa hiyo jaza chupa zako kabla ya kushuka kula. La pili, zamu ya mwisho ya chakula cha jioni huanza usiku sana, kwa mazoea ya Kusini mwa Ulaya. Mwenye watoto aombe zamu ya kwanza siku ileile anapolipia.

Suala la halali linahitaji kusemwa wazi. Kwenye meli hizi tatu nyama ya kawaida ya jikoni usiihesabu kuwa halali. Andikia kampuni mapema, angalau miezi miwili kabla, kisha siku ya kwanza zungumza na msimamizi wa mgahawa mkuu na umwonyeshe ombi lako. Mgahawa mkuu ndio unaoweza kukupikia kando. Bafe haiwezi: koleo moja linatoka kwenye soseji za nguruwe linaingia kwenye kuku, na jeli na peremende laini mara nyingi zina jelatini, inayotokana na wanyama. Familia ambayo haitaki kuuliza kila mlo iangalie AROYA, meli ya Kisaudi iliyoanza safari Desemba 2024 kutoka Jeddah. Jikoni mwake kila kitu ni halali, pombe haiuzwi, na sehemu za kuswalia zipo. Kwa anayeishi Ghuba, njia yake pia ni fupi kuliko ya Miami.

Klabu za watoto zote tatu zinapokea kuanzia miaka 3 bila malipo ya ziada, kwa sharti ambalo wazazi wengi hulisoma wakiwa wameshachelewa: mtoto awe ameacha pampasi. Walezi hawabadilishi. Mwenye miaka mitatu na nusu ambaye bado anavaa atakataliwa mlangoni, akilia, siku ya kwanza. Kwa walio chini ya hapo, Royal Caribbean na Disney wana chumba cha wachanga kuanzia miezi 6, kinacholipiwa kwa saa na kinachojaa upesi. Nafasi iwekwe mtandaoni kabla ya safari. MSC wana chumba cha walio chini ya miaka 3 walichokiandaa pamoja na Chicco, kampuni ya vifaa vya watoto wachanga, chenye saa chache za kumwacha mtoto bila kulipa. Klabu yao ya miaka 3 hadi 6 imejaa LEGO.

Kwa ubora wa klabu yenyewe, Disney hawana mpinzani, hasa kwa miaka 4 hadi 9. Kwa vijana wa miaka 13 kwenda juu mizani inageuka na Icon inaongoza, kwa sababu kijana hataki klabu, anataka mahali pa kuzurura. Ana ukuta wa kupanda, uwanja wa barafu, mawimbi ya kuteleza na ubao, na sehemu za kula hadi usiku. Kwenye Wish, kijana wa miaka 15 akishazunguka siku mbili amemaliza. MSC wana tatizo lao la pekee: abiria wanapanda na kushuka karibu kila bandari, kwa hiyo rafiki ambaye mtoto amempata Jumatatu huenda akashuka Jumatano. Matangazo nayo yanarudiwa kwa lugha kadhaa. Hata hivyo, mtoto anayejua Kiswahili na Kiingereza hapati shida kwenye michezo.

Klabu ya Royal Caribbean ni bure hadi saa 4 usiku. Kuanzia hapo hadi saa 8 usiku unalipa kwa saa.

Kwenye maji, pima urefu wa mtoto nyumbani, akiwa hana viatu. Mabomba ya kuteleza ya Icon, ambayo ni sita, mengi yanataka sentimita 107 hadi 122 kulingana na bomba. Kwa mawimbi ya ubao, kulala juu yake ni 132, kusimama ni 147. Wafanyakazi wanapima kwa fimbo na hawabembelezeki. Wish ina AquaMouse, safari ya majini yenye urefu wa zaidi ya mita 230, na foleni yake ni fupi zaidi siku meli ikiwa bandarini. Mabwawa ya Wish ni madogo, mengi yakiwa ya kina kifupi. Anayetaka kuogelea kweli asiichague. World Europa ina mteremko mkavu, wa kuteleza bila maji, wa sitaha 11, na watoto hawauchoki.

Pampasi za kuogelea haziruhusiwi kwenye mabwawa, zinaruhusiwa tu kwenye sehemu ya wachanga yenye maji yanayorushwa. Sababu ni ya kiafya: mtoto mmoja mwenye tumbo la kuhara anafunga bwawa kwa saa kadhaa. Na kwa virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, dawa ya mikono ya pombe haitoshi. Sabuni na maji ndivyo vinavyoviondoa.

Vyumbani Disney wanashinda kwa kitu kimoja, bafu lililogawanywa. Vyumba vingi vya familia vina choo na sinki mlango mmoja, na bafu lenye beseni na sinki la pili mlango mwingine, hivyo mmoja anaoga mwingine anatumia choo. Kwenye Icon na World Europa, watu wanne hulala chumba kimoja kwa vitanda vinavyoteremshwa ukutani au darini, na bafu ni moja. Kabla ya kulipia chumba cha watu wanne, linganisha na vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa katikati. Mara nyingine tofauti ni ndogo na mnapata vyoo viwili. Usibebe pasi, birika la umeme wala ekstensheni, vitachukuliwa ukaguzini.

Gharama iliyojificha ni bakshishi. Royal Caribbean wameiweka dola 18.50 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na mtoto anahesabiwa sawa na mtu mzima. Watu wanne kwa usiku 7 ni dola 518. MSC huwapunguzia nauli watoto: safari nyingi, walio chini ya miaka 18 wanaolala chumba kimoja na watu wazima wawili hulipa kodi za bandari na ada tu. Hapo ndipo MSC inapoziacha mbali zile mbili, na kwa familia yenye bajeti ya kubana hatuoni sababu ya kulipa zaidi.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nchini na kurudi. Ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, vilevile, ikiwa ratiba inagusa Uturuki au Tunisia.

Usiku wa mwisho mizigo inawekwa nje ya mlango kabla ya kulala na unaikuta bandarini asubuhi. Bakiza mkononi pampasi, dawa, pasipoti na nguo za kesho. Zilizokwenda hazirudi hadi mshuke. Bili ipitie usiku huohuo, kwani asubuhi dawati la mapokezi lina foleni ndefu kuliko ya AquaMouse.