Kununua kompyuta ya mtumba kupitia Instagram nikiwa Mbinga: uzoefu wangu na wauzaji wawili

Ninatunza hesabu za chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga, mkoani Ruvuma, na kompyuta niliyokuwa nikiitumia ilianza kuzimika yenyewe mwezi wa nne, majuma machache kabla ya wakulima kuanza kuleta kahawa ghalani. Mjini kwetu yapo maduka mawili matatu ya kompyuta, lakini mashine zake nyingi zimekaa rafuni muda mrefu na bei zimekwisha kuongezwa nauli ya kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo nilifanya kama wanavyofanya wengi tulioko mikoani: nikafungua Instagram na kutafuta wauzaji wa Kariakoo wanaotuma mizigo kwa basi. Nimenunua mara mbili ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza nililizwa. Mara ya pili nilipata mashine ninayoandikia maneno haya.

Nilijua ninachokitaka, na hilo nilidhani lingetosha kunilinda. Nilitaka Dell Latitude 7490 yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-8350U, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya kuhifadhia ya SSD ya GB 256. Sababu ya kung'ang'ania mfano huo ni moja. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache sana za zamani zaidi, inazitambua rasmi prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea tu. Kizazi hicho husomwa kwenye jina la prosesa lenyewe: kwa prosesa za hadi kizazi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokitaja, hivyo i5-8350U ni ya kizazi cha nane na i5-7300U ni ya kizazi cha saba. Kwa mtu anayehifadhi hesabu za malipo ya wakulima, tofauti ya tarakimu hiyo moja ni tofauti kati ya mashine itakayoendelea kupata ulinzi na ile ambayo muda wake umepita.

Ukurasa wa muuzaji wa kwanza, ambao sitautaja jina, ulikuwa na wafuasi wengi, picha safi, video za vijana wakifunga mizigo kwa karatasi za mapovu, na maoni ya watu waliodai kuwa wamepokea bidhaa zao salama. Bei yake ilikuwa shilingi 480,000, wakati kurasa nyingine nilizozipitia ziliuza mashine ya aina hiyo hiyo kati ya 580,000 na 650,000. Nilimuuliza sababu ya unafuu huo, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole mwingi: "Dada yangu, kontena limeingia juzi kutoka Dubai, tunataka mzigo utoke." Jibu lilinitosha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutaka linitoshe. Nilipoingiza Lipa Namba aliyonipa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la duka jingine kabisa, lisilofanana hata kidogo na lile la kwenye ukurasa. Akasema ni namba ya mhasibu wao. Nikabonyeza namba ya siri.

Mzigo ulifika siku ya tatu, na hapo niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimemwogopa mtu wa watu. Kompyuta ilikuwa safi, imefutwa vizuri, ina chaja yake, na pembeni mwa sehemu ya kuegemeza mikono palikuwa na kibandiko cha Intel cha kizazi cha nane. Niliitumia siku mbili kwa furaha. Siku ya tatu, wakati ninafungua majedwali ya mizani ya msimu uliopita na mashine inahema kama inapanda mlima, ndipo nilipofungua sehemu inayoonyesha utendaji wa prosesa. Nikakuta i5-7300U, yenye viini viwili tu badala ya vinne. Niligeuza mashine nikasoma ile namba ya herufi na tarakimu saba ambayo Dell huiita Service Tag, nikaiandika kwenye tovuti yao ya msaada, na jibu likaja bila mjadala: Latitude 7480. Mifano hii miwili inafanana umbo kama mapacha, na yule aliyebandika kile kibandiko alilifahamu hilo vizuri kuliko mimi.

Nilipompigia simu hakukana wala hakugomba. Aliniambia kwamba "hizo zote ni i5," kisha akaniuliza kama mashine haiwaki. Niliposisitiza, akanitumia picha ya stakabadhi aliyoniwekea ndani ya mzigo, iliyoandikwa kwa mkono, isiyo na TIN (namba ya mlipakodi) wala anwani, ambayo chini yake pamechapwa ile sentensi tunayoikuta katika maduka mengi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa tena. Nilikwenda polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na kushauriwa nitunze mazungumzo yote ya WhatsApp pamoja na ujumbe wa muamala. Nimeandika pia malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inahusika na kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa namna hii. Hadi ninapoandika sijarudishiwa hata senti. Mashine yenyewe nilimuuzia mwanafunzi wa chuo kwa shilingi 330,000, baada ya kumweleza kila kitu na kumwonyesha jina halisi la prosesa; yeye aliiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na hana malalamiko.

Nimelitafakari sana kosa langu, nikagundua kwamba nilikuwa nimejihami dhidi ya mwizi ambaye hakuwepo. Nilichokiogopa ni muuzaji hewa, yule anayepokea pesa na kuzima simu, ndugu wa wale wanaotutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndiyo maana nilipekua wafuasi, nikasoma maoni, nikasikiliza sauti yake, nikahesabu video za mizigo. Hayo yote yalinithibitishia kwamba muuzaji yupo na kwamba hutuma mizigo, na kweli alikuwepo na alituma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonieleza chochote kuhusu kompyuta moja, hiyo iliyokuwa inakuja kwangu. Picha aliyonitumia nikiwa ninachagua, nilipoipitisha baadaye kwenye Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni, ilitokea katika kurasa nyingine kadhaa, mojawapo ikiwa ya muuzaji wa nchi nyingine. Aidha, nilipobonyeza sehemu ya Instagram inayoeleza historia ya akaunti, nilikuta ukurasa ule umekwisha kubadilisha jina mara kadhaa. Hilo ningeweza kuliona kwa nusu dakika kabla ya kulipa.

Mara ya pili nilianzia kwenye mashine, na muuzaji nikamweka nyuma. Niliwaandikia wauzaji watano ujumbe ule ule: nitumie Service Tag ya kompyuta utakayonitumia, pamoja na video fupi ambayo mashine inawashwa kwa kubonyeza F2 hadi ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine yenyewe, uonekane, na pembeni pawe na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Karatasi ile ndiyo inayozuia video ya mwaka jana isiuzwe upya, na ukurasa wa BIOS unaonyesha kwa pamoja Service Tag, jina la prosesa na kiasi cha RAM, kabla ya Windows kuwaka, mahali ambapo kibandiko hakifiki. Wawili hawakujibu. Mmoja, mwenye tiki ya buluu, aliniambia kwamba wateja wasumbufu kama mimi ni bora waende dukani wenyewe. Ninakumbusha tu kwamba siku hizi tiki hiyo hupatikana kwa kulipia kila mwezi. Wa nne alituma namba ambayo tovuti ya Dell iliitambua kuwa ni ya Latitude 5490, akadai amechanganya. Wa tano alituma kila kitu ndani ya saa moja.

Huyo wa tano alikuwa winga. Kwa wasiofahamu, winga wa Kariakoo ni kijana asiye na duka, anayetafuta mteja kisha kuchukua bidhaa kwenye maduka ya watu na kula tofauti ya bei, na sifa za mawinga mitaani hazivutii. Nami nilikuwa nimeambiwa niwaepuke kabisa. Lakini huyu alinieleza tangu mwanzo kwamba yeye ni winga, akanitajia jengo na duka ambako mashine ipo, na akasema kitufe kimoja cha kibodi, kile cha alama ya king'ong'o ('), huwa kinakwama, ndiyo maana bei ni 590,000 badala ya 610,000. Nilimwandikia, "Mdogo wangu, hilo umelisema mwenyewe bila kuulizwa." Akajibu, "Dada, ukilikuta mwenyewe utanitangaza." Nadhani huo ni uaminifu unaotegemeka zaidi kuliko ule wa kuapa.

Pesa sikuituma. Wifi yangu anaishi Ilala, na nilimwomba aende dukani siku ya Jumamosi na orodha niliyomwandikia, fupi kiasi cha kutoshea kwenye kiganja: alinganishe Service Tag iliyo chini ya mashine na ile ya kwenye BIOS, aangalie kama BIOS inadai neno la siri, aandike amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya afya ya betri, na kunitumia picha ya matokeo, kisha, Windows ikiwa inaanzishwa upya, aunganishe intaneti kutoka kwenye simu yake aone kama mashine inadai kuingia kwa akaunti ya kampuni fulani. Jambo hili la mwisho linasahauliwa sana. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, na baadhi huuzwa zikiwa bado zimefungwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni hizo; mashine inawaka vizuri dukani, na siku ukiiwekea Windows upya ikiwa na intaneti inakugeuzia uso na kuuliza barua pepe ya mwajiri usiyemjua.

Wifi hana taaluma ya kompyuta, anauza vitenge. Alimaliza kazi ile kwa dakika ishirini, winga akimsaidia kubonyeza, na pesa ikalipwa kwenye Lipa Namba iliyoonyesha jina lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilitolewa hapo hapo, nami nikaihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, nikiwa Mbinga kabla mashine haijafungwa. Siisifu risiti hiyo kwa ajili ya kodi peke yake: muuzaji anayetoa EFD ameacha TIN yake mkononi mwako, na mtu mwenye TIN si rahisi kubadilisha jina mara tatu kama ukurasa wa Instagram. Kutoka Stendi ya Magufuli ya Dar es Salaam hadi hapa nililipa shilingi 10,000 ya mzigo.

Mdogo wangu wa kiume alipoona hayo, akanijia na simu aliyotaka kuinunua mtandaoni. Kwa simu kazi ni nyepesi zaidi. Muuzaji abonyeze *#06# mbele ya kamera, akutumie IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, nawe uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hukujibu aina ya simu ambayo namba hiyo imesajiliwa. Utaratibu huu ndio ule ule uliozima simu bandia nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, ila wengi tuliusahau mara tu simu zetu ziliponusurika. Jibu alilopata mdogo wangu lilitaja simu ya aina nyingine kabisa, ya bei ndogo. Muuzaji alipoelezwa aliifuta picha ya ile simu, na baada ya dakika chache akaufuta na ujumbe wake.

Sasa kuhusu mashine yenyewe, kwa kuwa nimeitumia majuma matano. Betri ilitengenezwa ikiwa na uwezo wa mWh 60,000 na sasa hujaa hadi mWh 46,800, yaani takribani asilimia 78, ambayo kwangu ni karibu saa tano za majedwali na barua. Umeme unapokatika asubuhi ghalani, inanifikisha mchana. Diski imefanya kazi saa 9,400 na haionyeshi hitilafu. Windows 11 imeingia bila hila yoyote. Kioo kina doa dogo la mwanga kwenye kona ya chini, ambalo winga hakulitaja, na sidhani kama alilijua, kwa sababu halionekani isipokuwa skrini ikiwa nyeupe tupu. Orodha ya wifi haikuwa na kipengele hicho, na nimekwisha kukiongeza. Kile kitufe cha king'ong'o kinakwama kama nilivyoambiwa, na katika orodha ya wanachama wetu kuna akina Ng'ombo na Ng'itu wa kutosha kunikumbusha kila siku zile shilingi 20,000 zilizopunguzwa.