Uzoefu wangu: pikipiki ya kukodi kutoka Tanga hadi Ushongo

Mwezi Julai mwaka jana mimi na mke wangu tulikodi pikipiki mjini Tanga kwa siku mbili, tukashuka na pwani hadi Pangani, tukavuka Mto Pangani na kulala Ushongo, kijiji cha ufukweni. Aliyetukodisha, ambaye sitamtaja jina, hakukodishii chombo tu, bali hukuandalia pia karatasi ya safari yenye njia, vituo na muda wa kila kipande. Karatasi hiyo ndiyo iliyonivuta kwake, kwa kuwa pikipiki za kukodi hazikosekani Tanga, lakini mtu wa kukaa nawe robo saa akikuuliza unataka kuona nini na umebeba nani nyuma ni adimu.

Bei ilikuwa shilingi 35,000 kwa siku, dhamana shilingi 150,000, mafuta juu yangu. Nilionyeshwa kadi ya pikipiki na bima, nami nikaonyesha leseni yangu ya daraja la A, na hakuna aliyeharakisha mwenzake. Helmeti yangu ilikuwa nzima. Ya mke wangu mkanda wake haukushika, na tulipolalamika ilibadilishwa papo hapo, ingawa najiuliza ingetoka vipi kama tusingeijaribu. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya cc 150, aina ambayo waendesha bodaboda wamekwisha kuithibitisha kwa mizigo mizito kuliko sisi, na kwa watu wawili na begi moja ilitosha kabisa. Asiwepo wa kukushawishi ukodi kubwa zaidi kwa njia hii.

Karatasi iliandikwa hivi: Tanga hadi Tongoni dakika 30, Tongoni hadi Pangani dakika 50, kuvuka mto, kisha Pangani hadi Ushongo dakika 25. Ukiiangalia mezani unaona safari ya asubuhi moja, na kwa kilomita ni kweli, maana Pangani iko karibu kilomita 50 kutoka Tanga, na Ushongo iko kama kilomita 15 kusini ya mto. Tuliondoka saa moja asubuhi tukiamini kwamba chakula cha mchana tutakula Ushongo. Tulikula saa kumi.

Jambo la kwanza ambalo karatasi haikulisema ni kwamba barabara ya pwani haioni pwani. Sehemu kubwa ya njia unapita katikati ya minazi, mashamba ya mkonge na vijiji, na bahari iko mkono wa kushoto kweli, lakini nyuma ya miti. Anayetaka kuiona lazima aingie njia ndogo za kuelekea ufukweni, na kila anapoingia hupoteza nusu saa au zaidi. Siku tuliyopita sisi kulikuwa na vipande vya lami na vipande vya ujenzi, na kwenye ujenzi vumbi la magari makubwa lilitulazimisha kusubiri mara kwa mara litue. Zaidi ya hayo, Julai ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na anayeelekea kusini huupokea upepo huo usoni njia nzima. Mimi sikuona taabu. Aliyekaa nyuma ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache, kwamba mwaka mwingine twende wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini.

Tongoni ilistahili kila dakika iliyotuchelewesha. Karatasi iliipa kituo cha dakika 15, kipimo ambacho kinamtosha mtu anayetaka kupiga picha na kuondoka. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo ya mawe iliyosimamishwa juu yake, kando ya bahari yenye mikoko. Mji huu ulijulikana zamani kama Mtangata, na ni karibu na hapa ambapo Vasco da Gama, akirejea kutoka India mwaka 1499, aliichoma moto merikebu yake ya São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Tulikaa saa moja na nusu. Anayepanga safari ya namna hii, Tongoni aipe asubuhi yake na vituo vingine avipunguze.

Kabla ya Kigombe nilianza kusikia cheni ikigonga. Kijana mmoja mwenye kibanda cha ufundi aliinama, akaivuta kwa kidole na kusema, "Shikamoo mzee. Hii imelegea siku nyingi, siyo ya leo." Aliikaza, akaipaka oili, akapokea shilingi 2,000, na safari ikaendelea bila matatizo mengine. Kwa kweli si kosa kubwa, lakini mkodishaji anayekuchorea ramani ya njia kwa kalamu mbili za rangi angepaswa kutumia dakika mbili kuikagua cheni. Mkataba wetu pia haukutaja ni nani anayelipia matengenezo ya njiani wala puncha, nami sikuuliza. Ulizeni.

Pangani tulifika saa saba kasoro mchana, siku ya Ijumaa, wakati wa sala, na maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Kivuko kilikuwa ng'ambo, upande wa Bweni, na hapo ndipo nilipouelewa ule mstari wa "kuvuka mto" ambao haukuwa na dakika yoyote mbele yake. Mto wenyewe unavukwa kwa muda mfupi sana. Kinachokula muda ni kungoja. Tulingoja karibu saa nzima chini ya mwembe, tukinywa madafu, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja kama sisi akatusimulia habari za Abushiri, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa na Wajerumani katika mji huu Desemba 1889. Sikujutia kungoja huko. Nililojutia ni kwamba jikoni Ushongo walikuwa wametutazamia saa saba.

Kutoka Bweni njia ni ya udongo, laini na nzuri wakati wa kiangazi, na sidhani ningeipita masika nikiwa na mtu nyuma. Inapita upande wa Kikogwe, mahali ambapo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipanda mkonge wa kwanza nchini mwaka 1893, miche 62 iliyosalia hai baada ya safari ndefu kutoka Florida. Mtu aliyekulia Tanga, kama mimi, ameusikia mkonge tangu utoto, na bado nilisimamisha pikipiki kutazama shamba kana kwamba ni geni.

Ushongo penyewe sitapasifu hapa, kwani ni habari ya nyumba ya kulala wageni na si ya pikipiki. Niseme tu kwamba karatasi ilipendekeza siku ya pili tuendelee kusini kupitia Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo, na pendekezo hilo nililikataa mapema. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, ina simba na tembo, na mwenye pikipiki asiende huko kwa kufuata karatasi ya mkodishaji bila kwanza kuwauliza wahusika wa hifadhi.

Kurudi tulipanga wenyewe. Tulifika kivukoni mapema, maji yakiwa yamekupwa, na gati lilikuwa na utelezi kiasi kwamba mke wangu alishuka nami nikaisukuma pikipiki kwa mkono. Upepo safari hii ulikuwa mgongoni. Lita tano za mafuta nilizoweka Tanga zilitosha kwenda, kurudi na mizunguko yote ya ufukweni.

Mkodishaji aliipokea pikipiki, akaizunguka mara moja na kurudisha dhamana yote. Shilingi 2,000 za cheni hakurudisha, kwa hoja kwamba sikuleta risiti, na sikubishana naye kwa kuwa hakuna fundi wa kibandani anayeandika risiti. Nilipomweleza habari ya kivuko hakujitetea. Alichukua karatasi yetu, iliyokwisha kukunjika na kuingia vumbi, akaandika kwa kalamu mbele ya "kuvuka mto": saa moja. Kisha akaniuliza Tongoni aweke dakika ngapi.