Ufito wa futi 9 namba 5: mtoni unafaa, ziwani unapwaya

Seti hii ya kuvulia kwa nzi bandia (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu) huja katika mkoba mmoja ikiwa na ufito, rili, mshipi na uzi wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, na imekusudiwa mtu anayetaka kumfuata trauti wa upinde wa mvua mtoni na ziwani bila kununua kila kifaa peke yake. Ufito ni wa kaboni, una urefu wa futi 9, unagawanyika vipande vinne na ni wa namba 5, yaani wa kurushia mshipi wenye uzito wa namba hiyo, namba inayomfaa samaki huyu kwa kuwa inamudu nzi wadogo wa kuelea na pia wale wazito kiasi wa kuzamishwa.

Mtoni ufito huu unapendeza. Hupinda kwa utulivu hadi katikati yake, hivyo mshipi hutua bila kishindo hata samaki akiwa karibu, na urefu wake humwezesha mvuvi kuuinua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulio kati yake na samaki, ili nzi aelee kwa mwendo wa maji yenyewe. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu trauti wa mtoni hutulia nyuma ya jiwe au pembeni mwa mkondo akingoja chakula kiletwe, na nzi anayeburutwa na mshipi humtia shaka mara moja.

Tatizo ni mshipi. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nzi hufuata tu. Ndiyo maana namba 5 hupimwa kwa uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, ambazo zinapaswa kuwa gramu 9 hivi. Mshipi uliomo humu ni mgumu, hubaki umejikunja kama ulivyokaa kwenye rili hata baada ya kunyooshwa, na ncha yake huzama mapema ikimvuta chini nzi wa kuelea. Mnunuzi aubadilishe kabla ya kuulaumu mkono wake.

Ziwani upungufu huo huzidi. Huko hakuna mkondo wa kumletea chakula, kwa hiyo trauti huzunguka akikitafuta, mara nyingi chini ya uso wa maji, na akienda kina kirefu mshipi wa kuelea haumfikii. Unahitajika wa kuzama, pamoja na spuli (sehemu ya rili inayozungushiwa mshipi) ya ziada ya kuubebea, vitu ambavyo seti haina. Upepo wa mbele nao huushinda ufito upesi, na anayevua maziwani tu angefaidika zaidi na namba 6.

Rili ni ya kawaida, ila breki yake huachia bila kukwama, na kwa samaki anayeruka nje ya maji na kukimbia ghafla akiwa ameshikwa na uzi wa milimita 0.15, hiyo si sifa ndogo. Mpini wa koki, gome jepesi kama la vizibo vya chupa, una vitundu vilivyojazwa kwa haraka. Mkoba ni imara. Anayevua mito zaidi amuulize muuzaji kama yuko tayari kumpa ufito na rili bila mshipi, kwa bei iliyopunguzwa.