Altrasaundi au CT: uvimbe wa shingoni uanzie wapi?

Mtu wa Malindi akiota uvimbe shingoni usiouma, na wiki zinapita hauondoki, ataambiwa apige picha. Ipi: altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, au CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili kwa vipande?

Mimi nasema altrasaundi kwanza. Haina mionzi, bei yake ni nafuu, na kwa tezi za limfu (vifundo vya kinga ya mwili) zilizo juujuu, yaani shingoni, kwapani na kinenani, inaona vizuri sana. Tezi iliyo salama huwa ndefu kama haragwe, na katikati ina mstari mweupe wa mafuta. Ya limfoma, saratani ya tezi hizo, mara nyingi huwa ya mviringo na nyeusi, mstari ule umepotea, na Dopla, sehemu ya altrasaundi inayopima mtiririko wa damu, inaonyesha damu ikipita kwa wingi. Lakini kifua kikuu nacho huvimbisha tezi za shingo, na kwenye picha huweza kufanana na limfoma. Kwa hiyo jibu hutoka kwenye kinyofu kinachopimwa maabara, na hapa altrasaundi ina faida kubwa: daktari anaiona sindano ikiingia ndani ya tezi.

CT ina kazi nyingine. Mawimbi ya sauti hayapiti vizuri kwenye hewa na mfupa, hivyo tezi za katikati ya kifua na za nyuma ya tumbo huachiwa CT, ili ijulikane ugonjwa umeenea hadi wapi. Ina mionzi, na dawa ya kung'arisha picha humtaka mgonjwa apimwe figo kwanza.

Kinyofu kikithibitisha limfoma, safari ya CT isicheleweshwe, hata ikibidi kwenda Mombasa.