TAHADHARI: F-16 za "sili haijafunguliwa" zinazouzwa WhatsApp

Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi akinadi modeli za kuunganisha za ndege ya kivita F-16, skeli ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi). Jina hatuliweki hapa, ila mchezo wake ni huu.

Picha anayotuma ni ya boksi la 1/48, mzigo unaofika ni 1/72. F-16 halisi ina urefu wa mita 15 na kidogo: kwenye 1/48 ni kama sentimita 31, kwenye 1/72 ni 21 tu. Dai picha ya vipande vya mwili vimepangwa kando ya rula, pua hadi mkia, na karatasi yenye jina lako na tarehe. Nailoni ya nje isikupe imani, inafungwa upya kwa hewa ya moto.

Mabaya zaidi yako ndani. Linganisha fremu (vishikizo vya plastiki vyenye vipande, kila kimoja na herufi yake) na herufi zilizo kwenye karatasi ya maelekezo, moja baada ya nyingine, hasa fremu ya vipande angavu. Kioo cha rubani cha F-16 kina eneo kubwa lisilo na mihimili, kwa hiyo ufa hauna pa kujificha, na bila kioo hakuna modeli. Stika za maji (alama za ndege zinazolowekwa ndipo zibandikwe) zitazame kwenye mwanga wa jua: zikiwa za njano au zina mistari ya nyufa, huenda zikavunjika vipande vipande ukizitia majini.

Makombora na magurudumu ameyabadilisha kwa kopi za rezini zilizojaa matundu ya hewa. Kopi husinyaa kidogo, ndiyo maana hazikai sawa, na gundi ya plastiki haizishiki. Tumia super glue. Vumbi la rezini ni hatari kwa mapafu: piga msasa ukiwa na maji, vaa barakoa.

Anaongeza pia "rangi tatu za kijivu" (FS 36118, 36270 na 36375, namba za viwango vya rangi vya serikali ya Marekani) kwenye vichupa visivyo na lebo. Usinunue. Bila lebo hujui ni rangi ya aina gani, na rangi ya maji kama Vallejo ikichanganywa na thina ya laka huganda kama ute na kuziba brashi ya hewa.

Akisema "tuma kwanza na ya kutolea", achana naye. Lipa ukishafungua boksi mbele ya aliyeleta. Aliyekwisha tuma apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, kabla pesa haijatolewa.