Arthur Machen kwa msomaji wa Tanga: anza na kifupi

Aliyekulia karibu na Mapango ya Amboni, ambako watu huacha sadaka kwa mizimu, hataona ugeni mkubwa kwa Arthur Machen. Mwandishi huyu wa hadithi za kutisha kutoka Wales (1863–1947), mzaliwa wa Caerleon, haonyeshi zimwi. Anaonyesha madhara yake, kisha ananyamaza.

Usianze na The Hill of Dreams (1907): lugha tamu, matukio haba, wengi huishia njiani. Anza na The Bowmen, kurasa chache tu, iliyotoka gazetini Septemba 29, 1914. Wapiga mishale wa kale wanawaokoa askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Haikuelezwa kuwa ni ya kubuni, basi wasomaji wakaiamini. Machen alipokana kuwa ni kweli, wengi hawakumsikiliza!

Kisha The Great God Pan (1894). Hapa ndipo watu hupotea: inafungua kwa upasuaji wa ubongo wa msichana aitwaye Mary, halafu sura zinaruka miaka na kubadili wasimulizi. Andika majina pembeni, maana (samahani kwa kufichua) yule mwanamke wa majina mengi ni Helen Vaughan yuleyule. Sadfa zimezidi, na hofu ya Machen kwa wanawake imechakaa.

Kilele ni The White People (1904), iliyomo ndani ya mkusanyiko wa hadithi The House of Souls, unaopatikana bure Project Gutenberg, tovuti ya vitabu. Shajara ya msichana inatiririka kurasa nyingi karibu bila aya. Isome kwa mkao mmoja, kwa sauti ukiweza. Ukiikatakata, uzi unapotea.